Usichukue yule mpole: jinsi ya kuchagua sungura mwenye afya Arusha na Moshi

Mzazi anayekwenda kumtafutia mtoto sungura mara nyingi huwa anatafuta mpole. Ndani ya tenga wamo sungura kumi. Tisa wanasukumana kukimbilia kona, mmoja amejikunyata mahali pake, masikio ameyalaza, anakubali kushikwa bila kurusha hata teke moja. "Huyu ana adabu, tunamchukua." Analipiwa, anaingizwa kwenye boksi, na wiki haiishi kabla hajafa.

Sungura huwindwa na karibu kila mnyama mwenye meno makali, na anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka nguvu ya kuficha imwishie. Anayetulia katikati ya wenzake wanaokimbia, mara nyingi amefika hapo. Sungura mzima wa wiki nane ana mashaka na mgeni: anarudi nyuma, anasimamisha masikio, kisha baada ya dakika mbili tatu udadisi unamshinda na anasogea kunusa. Huyo ndiye wa kutazamwa. Upole atajifunza nyumbani kwa kushikwa vizuri kila siku.

Ukaguzi uende kwa mpangilio huu: banda kwanza, kinyesi, kundi, na mwisho kabisa sungura mikononi. Usianze kwa kumbeba. Mtoto akishampakata na kumpa jina, hakuna tena ukaguzi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Jua atakuwa mkubwa kiasi gani, kwa sababu wakiwa wadogo wote wanapendeza sawa. New Zealand White, yule mweupe mwenye macho mekundu ambaye wafugaji wa nyama wanampenda, hufika kilo 4 hadi 5. California, mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi, humkaribia. Flemish Giant hupita kilo 6, na mtoto wa darasa la pili hawezi kumbeba salama. Dutch, mwenye mkanda mweupe mabegani, huishia kilo 2 hadi 2.5. Kwa nyumba yenye watoto, sisi tunapendelea chotara wa kienyeji, wa kijivu au wa madoa: ni mwepesi kubebeka, amekulia majani ya huku na hana bei ya kutisha.

Kumbuka pia kwamba sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12, na kwamba akiwa peke yake hunyong'onyea. Jozi inayokaa bila vurugu ni majike wawili wa tumbo moja. Madume wawili wataanza kung'atana wakifika miezi mitatu au minne, na majeraha yao huwa sehemu za siri. Dume na jike ni habari nyingine, tutaifikia kwenye kutambua jinsia.

Banda liwe tayari kabla yake. La kulala lisipungue sentimita 120 kwa 60, na kimo sentimita 60, likiwa na sehemu ya sakafu ya mbao. Zaidi ya hilo apate uwanja uliozungushiwa wavu wa kukimbia kila siku.

Siku ya kwenda beba simu yenye tochi, mizani ya jikoni, beseni dogo, taulo, tishu nyeupe chache na boksi la kumbebea.

Gulioni au nyumbani kwa mfugaji?

Nyumbani kwa mfugaji. Sungura utamkuta gulioni, iwe Tengeru, Ngaramtoni au Kiboriloni, lakini pale huoni banda, humwoni mama yake, na kinyesi kilichomo kwenye tenga ni cha sungura wa nyumba tatu tofauti waliochanganywa asubuhi ileile. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Vimelea vya koksidia husafiri kwa kinyesi, na mtoto aliyetoka nyumba safi anaweza kuvila njiani akaanza kuhara ukiwa umeshamfikisha kwako. Ukimpenda sungura wa gulioni, mwombe muuzaji mwende mpaka nyumbani. "Kaka, nataka kuchagua pale kwenye banda lenyewe." Akikubali, nenda. Akianza kuzungusha maneno, ameshakujibu.

Wafugaji hawakosekani Machame, Kibosho na Marangu, wala Usa River, Tengeru na pembezoni mwa Arusha mjini. Ukiwa mgeni, uliza kwa afisa mifugo wa kata. Mara nyingi anajua ni nani mabanda yake yanafagiliwa na nani ananunua dawa kila wiki.

Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Sungura huchangamka kunapopambazuka na kunapokuchwa. Saa saba mchana hata mzima analala, nawe utashindwa kumtofautisha na mgonjwa. Jioni ina faida nyingine: ni saa ya chakula, na hakuna kipimo kinachozidi kumwona akila.

Banda linavyosema

Simama mlangoni uvute pumzi. Harufu ya nyasi na ya mnyama ni sawa. Harufu kali ya mkojo inayochoma pua na macho si sawa, kwa sababu hewa hiyo inayokuwasha wewe kwa dakika moja inaunguza pua za sungura usiku kucha, na ndiyo mlango wa mafua.

Tazama sakafu. Wavu wa waya ukiwa na matundu mapana, mguu mdogo hutumbukia na kuvunjika. Ukiwa na kutu au ncha, nyayo hupata vidonda. Sakafu ya mbao iliyolowa ni mbaya kuliko zote, maana mayai ya koksidia yakishatoka na kinyesi huhitaji unyevu, joto na siku moja hadi nne hivi ili yaweze kuambukiza. Banda linalofagiliwa kila siku huwahi kuyaondoa. La kusubiri Jumamosi halitawahi.

Tazama na maji. Kibakuli kikavu saa moja asubuhi maana yake sungura wamekaa usiku mzima bila maji. Wafugaji wengine bado wanaamini sungura anayekula majani mabichi hahitaji maji. Anahitaji: wastani wa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na zaidi kukiwa na joto la Moshi mjini la Januari na Februari.

Kinyesi

Hapa usione kinyaa, kwa sababu hakuna mahali pengine afya ya sungura inapoonekana wazi hivi. Chuchumaa, tazama chini ya banda.

Kinyesi kizuri ni vipira vya duara, vikavu, vinavyolingana ukubwa. Ukikivunja kwa kijiti ndani utaona nyuzinyuzi za nyasi. Vipira vidogo sana, vigumu na vya maumbo tofauti, ni vya sungura asiyekula vya kutosha au aliyekosa maji. Vilivyoungana kwa manyoya havitishi sana wakati anapobadilisha manyoya. Uji, maji, au ute mweupe kama wa yai ni sababu ya kuondoka. Usinunue hata ndugu yake anayeonekana mzima, maana wamekula sakafu moja.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya wanunuzi: kichala cha vipira vidogo, laini, vinavyong'aa, vyenye harufu kali. Huko si kuhara. Ni kinyesi cha kwanza, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka nyuma, kwa kawaida usiku au alfajiri, ili apate vitamini na protini zilizotengenezwa tumboni. Kuvikuta viwili vitatu si neno. Vikiwa vingi na vimekanyagwa, sungura hao wanalishwa pumba na mahindi kuliko nyasi.

Mkojo nao una mambo yake. Wa manjano, wa rangi ya chungwa, hata mwekundu wa matofali, au mweupe unaoacha unga kama chokaa, wote ni wa kawaida. Rangi hutokana na majani aliyokula na chokaa ni kalisiamu inayotolewa na figo. Wasiwasi uwepo ukiona damu iliyoganda ndani ya mkojo ulio safi.

Watazame bila kuwagusa

Kaa dakika kumi. Mfugaji atakuona wa ajabu, mwache. Angalia nani anakula, nani anasukumwa, nani anatembea kwa kuchechemea, nani kichwa kimelala upande. Kichwa kilichopinda hutokana na uambukizi wa sikio la ndani au wa kimelea kinachoshambulia ubongo. Kupona kwake ni kwa muda mrefu na hakuna uhakika. Mguu unaoteleza nje upande mmoja kwa sungura mdogo mara nyingi ni kilema cha kudumu.

Usiwakatae weupe wenye macho mekundu kwa sababu wanayumbisha kichwa taratibu kushoto na kulia wanapokutazama. Macho yao hayana rangi ya kuzuia mwanga, hawaoni vizuri, na huyumba ili wapime umbali.

Hesabu pumzi za uliyemlenga kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Kawaida ni 30 hadi 60 kwa dakika. Hesabu ubavu, siyo pua. Pua ya sungura hucheza hata asipokuwa na shida. Anayehema mdomo wazi yuko hatarini kufa, huyo mwachie mwenyewe.

Kisha mwombe mwenye mifugo awape majani kidogo. Mzima anayakimbilia. Anayenusa, akageuka na kusaga meno kwa sauti, tumbo linamuuma.

Sasa mshike

Usiinue kwa masikio, hata kama mwenye nyumba anafanya hivyo mbele yako. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ubebe matako, mwili wake wote uegemee wako. Mifupa ya sungura ni myepesi sana kwa uzito wake huku misuli ya miguu ya nyuma ikiwa na nguvu nyingi. Akirusha teke matako yakiwa yananing'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Mweke juu ya taulo mezani au kwenye mapaja ukiwa umekaa chini, ili akichoropoka asianguke kutoka juu.

Anza na pua. Ipanguse kwa tishu nyeupe. Ibaki kavu au na unyevu kidogo usio na rangi. Muuzaji mjanja huwa ameshaipangusa kabla hujafika, kwa hiyo hamia mara moja kwenye miguu ya mbele, upande wa ndani, juu kidogo ya nyayo. Sungura mwenye mafua hujifuta kamasi kwa mikono yake, na pale manyoya huwa yameshikana, yamekauka, yana rangi ya kijivu au njano. Kupangusa pua ni rahisi, lakini hakuna anayekumbuka kuosha mikono ya sungura. Mafua haya, yanayoletwa hasa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, hutulia yakarudi, na aliyewahi kuumwa huweza kubaki mbebaji maisha yake yote. Ukimkuta mmoja anayo, kundi zima lihesabu limeguswa.

Macho yawe makavu, yamefunguka sawasawa. Chozi upande mmoja tu linalolowesha shavu mara nyingi chanzo chake kiko chini: mzizi wa jino umebana mfereji wa machozi. Hivyo fungua mdomo. Huna haja ya kuupanua. Vuta tu midomo pembeni kwa vidole viwili. Meno mawili ya juu yapite kidogo mbele ya yale ya chini, yakikutana kama patasi. Nyuma ya yale ya juu kuna vijino viwili vidogo. Vipo kwa sungura wote. Meno ya mbele hayaachi kukua, yanaongezeka milimita 2 au 3 kwa wiki, na kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe na nyasi ngumu. Yakikutana ncha kwa ncha, au ya chini yakitangulia, hayasagiki. Baada ya miezi yatatoka nje ya mdomo au kujikunja ndani, naye atakufa kwa njaa mbele ya chakula. Kasoro hiyo kwa mtoto mdogo ni ya kurithi. Kuyapunguza kila baada ya wiki chache kunawezekana, lakini ni kazi ya daktari mwenye kifaa cha kusagia. Koleo la kukatia waya hupasua jino mpaka kwenye mzizi na kuleta jipu. Papasa pia kidevu na taya la chini kwa vidole: uvimbe mgumu hapo ni jipu, na usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hautoki kwa kutumbuliwa.

Masikio yapigwe tochi mpaka ndani. Magamba ya kahawia yaliyopangana tabaka kwa tabaka ni utitiri wa sikio. Tukutane na ukurutu hapohapo, maana huku ndio ugonjwa wa ngozi utakaoukuta zaidi: ukoko wa kijivu mweupe kwenye pua, kingo za masikio, kuzunguka macho na kwenye vidole. Utitiri unaouleta huhamia kwa binadamu pia, na mtoto aliyempakata ataanza kujikuna mikono na tumbo. Nusa. Wafugaji wengi hupaka oili chafu ya gari kwenye ukurutu, na sungura anayenuka gereji anafichiwa kitu. Vinatibika vyote viwili kwa ivermektini, lakini kipimo cha kawaida cha dawa ya asilimia 1 ni kama mililita 0.02 kwa kilo, kiasi ambacho bomba la sindano la mililita 5 haliwezi kukipima. Ndiyo maana ni rahisi kumzidishia dozi. Apewe na daktari wa mifugo, irudiwe baada ya siku 14.

Manyoya yakitoka mkononi, tazama ngozi chini yake. Ikiwa safi na laini, anabadilisha manyoya tu. Mviringo usio na manyoya wenye magamba pembeni ni choa, na hilo nalo huambukiza watoto. Jike mkubwa mwenye kifua kilichonyolewa hana ugonjwa: amejing'oa manyoya ya kutandikia kiota, ama ana mimba ama mwili wake unadhani anayo.

Pitisha kidole gumba juu ya uti wa mgongo. Uyasikie mafundo ya mifupa, lakini yawe mviringo, yamefunikwa na nyama. Yakichoma kama msumeno, amekonda. Mgongo wa msumeno pamoja na tumbo lililovimba, kwa sungura wa mwezi mmoja hadi mitatu, ndiyo sura ya koksidia au minyoo. Wasiojua humwita mnene. Mpime ndani ya beseni: New Zealand White wa wiki nane aliyelishwa vizuri huwa kati ya kilo 1.5 na 2. Chotara na Dutch ni wepesi zaidi, kwa hiyo kwao linganisha na ndugu zake wa tumbo moja, na yule mdogo kuliko wote mwache hata akuonee huruma.

Geuza nyayo za nyuma. Manyoya yafunike nyayo zote. Ngozi nyekundu iliyobaki wazi inakaribia kidonda. Kidonda chenyewe hakiponi haraka kwa sababu mgonjwa anasimama juu yake saa zote. Kucha pia zinatoa siri ya umri: za sungura mdogo ni fupi, zimejificha kwenye manyoya. Kucha ndefu zilizopinda kwa anayeitwa "wa miezi mitatu" zinamkana muuzaji.

Malizia nyuma. Kuwe kukavu na kusafi. Kukiwa kumeloa na kumeoshwa asubuhi ileile, jiulize kilikuwepo nini kabla ya maji. Ukoko kwenye sehemu za siri, hasa ukiwepo na puani, ni kaswende ya sungura. Haimpati binadamu, ila itapita kwa kila sungura atakayepanda naye.

Dume au jike

Hapa ndipo hata wafugaji wazoefu hukosea, tena kwa nia njema. Mkalishe kwa matako, mgongo ukiegemea tumbo lako. Kwa vidole viwili bonyeza taratibu juu na chini ya tundu la mkojo mpaka litokeze. Dume hutokeza kibomba chenye tundu la mviringo nchani. Jike huonyesha mfereji mrefu unaoshuka kuelekea tundu la haja kubwa. Nafasi kati ya matundu hayo mawili ni kubwa zaidi kwa dume. Kabla ya wiki nane tofauti ni ndogo sana. Chukua jibu lolote kama makisio. Korodani hushuka mnamo wiki 10 hadi 12, zikionekana kama vifuko viwili virefu visivyo na manyoya kwenye kinena.

Gharama ya kukosea ni hii: sungura anaweza kupandwa akiwa na miezi minne au hata kabla, mimba ni siku 31, na jike anapandika tena siku ileile aliyozaa. Kwa sababu hiyo usinunue jike wa miezi mitano aliyekuwa banda moja na dume kama hutaki kununua tumbo zima.

Maswali kwa mwenye banda

Baada ya salamu, uliza tarehe. Ukiuliza umri utaambiwa "miezi miwili" kwa kila sungura aliyeko. "Shikamoo mama. Hawa walizaliwa tarehe ngapi?" Anayefuga kwa makini ameandika kwenye kadi iliyobandikwa bandani, au walau kwenye kalenda ya ukutani. Usichukue aliye chini ya wiki saba. Tumbo la mtoto aliyeachishwa maziwa mapema halijakomaa, na kuhara kwa ghafla huua wengi ndani ya wiki ya kwanza ya safari.

"Walizaliwa wangapi, wamebaki wangapi?" Kama wanane wamebaki watatu na hakuna waliouzwa, ondoka. "Naomba nimwone mama yao." Tabia na meno vinarithiwa. "Wamepewa dawa gani, lini?" Omba kuona chupa. Ukitajiwa amoksisilini au penisilini ya kunywesha, kaa mbali na sungura huyo kwa wiki mbili hivi kisha urudi: dawa hizo zikipita tumboni huua bakteria wanaomsaidia kusaga nyasi na kuwaachia nafasi wabaya, na kuhara kunaweza kuja siku kadhaa baadaye. Hilo pia ukumbuke nyumbani, kabla ya kwenda duka la dawa kununua vidonge vya watu.

Mwisho: "Wanakula nini?" Nunua kilo moja au mbili za chakula hichohicho.

Njiani

Boksi la sentimita 40 kwa 30 linamtosha wa kilo mbili. Toboa pembeni, siyo juu tu, tandika maranda na nyasi kavu. Kiroba ni jeneza, na kufunga miguu ni kutafuta mguu uliovunjika. Kwenye Coaster kaa naye miguuni, mbali na injini. Buti la gari na kariya ya juu havifai. Safiri asubuhi, hasa kama unateremka kutoka Kibosho au Marangu kwenda mjini, kwa sababu amezoea baridi ya mlimani na sungura hatoi jasho la kumpoza. Joto likipita nyuzi 30 anaweza kufa. Usimfungishe chakula: hawezi kutapika, na tumbo lake lisipopokea kitu husimama. Jani la matembele litampa pia maji.

Siku 14 za kwanza

Kama una sungura wengine, huyu akae chumba kingine, ahudumiwe mwisho, kwa vyombo vyake. Siku saba za kwanza mpe chakula alichozoea bila kubadilisha. Siku saba zinazofuata changanya kidogokidogo na cha kwako. Nyasi kavu ziwepo saa zote, rundo lisilopungua mwili wake kila siku. Peleti ni kiasi: sungura mkubwa gramu 25 kwa kilo ya uzito zinamtosha. Majani yaliyokatwa jana yakalundikwa kwenye kiroba hadi yakapata joto yameshachacha, usimpe.

Huku kwetu kuna sumu tatu za uani. Ya kwanza ni mparachichi: majani, gome, tunda na kokwa. Ya pili ni majani ya nyanya na viazi mviringo. Ya tatu ni majani yaliyoota chini ya mibuni iliyopigwa mrututu au dawa nyingine. Subiri mvua nzuri kadhaa au ukate kwingine. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili usimpake sungura kamwe.

Mpime kila siku ya tatu saa ileile, uandike. Akipungua mara mbili mfululizo, au akikaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, usisubiri kesho. Chukua vipira vipya vya kinyesi kwenye kifuko safi, uvipeleke pamoja naye kwa daktari wa mifugo; sampuli inaweza kupimwa maabara, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Arusha. Koksidia ikithibitika, kuna dawa za kuweka kwenye maji, kama amproliamu, kwa dozi atakayoandika daktari.

Akipita siku 14 bila shida, mkutanishe na mwenzake kwenye uwanja mpya kwa wote wawili, siyo ndani ya banda la mmoja wao. Akitimiza wiki 12 mgeuze tena ukague jinsia, na ukiona vile vifuko viwili kwenye kinena cha uliyemwita jike, watenganishe siku hiyohiyo.